Kifafa na Kidonge Chake

Mtu aondokaye Kerugoya akateremka kuelekea Kutus huyaacha nyuma mashamba ya chai na kahawa, na punde huona mbele yake uwanda wa Mwea, mifereji ya mpunga ikimetameta juani. Ni nchi ya neema. Lakini kwa mwenye kifafa nchi hii ina hatari mbili ambazo wengine hawazifikiri hata kidogo: maji ya mfereji na moto wa mafigani. Katika miaka niliyofundisha hapa nimeona mikono kadhaa yenye makovu ya moto ambayo wenyewe hawakumbuki waliyapataje. Walizinduka wakayakuta.

Makovu hayo ndiyo yaliyonitia katika kutafuta habari za dawa ya ugonjwa huu. Nilidhani nitaambiwa kwamba dawa ni mpya, au ni ghali, au haijafika kwetu. Nikakuta kwamba ilijulikana tangu mwaka 1912, kabla hajazaliwa hata mmoja wa wenye makovu niliowaona. Basi swali likawa jingine: dawa iliyojulikana zamani hivyo ilikuwa wapi siku walipoanguka motoni?

Ugonjwa wenyewe ni mkongwe. Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, katika shule ya mganga Hippocrates wa Uyunani, kiliandikwa kitabu kilichokana kwamba kifafa ni pigo la miungu. Mwandishi alisema chanzo chake ni ubongo. Wanafunzi waliosoma mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, watakumbuka kwamba yule mtawala mkuu huanguka kifafa mbele ya umati wa watu, wala haukumpungukia ukuu wake. Siku hizi twajua kwamba ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na kwamba kifafa ni dhoruba ya umeme huo. Aliyeumia wakati wa kuzaliwa, aliyepigwa kichwani, aliyeugua malaria ya ubongo, au aliyepatwa na mayai ya tegu ya nguruwe, huweza kubaki na dhoruba hiyo. Na wako wengi ambao sababu yao haionekani. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa pumzi, wala kwa kumshika aliyeanguka.

Dawa ya kwanza iliyofaa kidogo ilikuwa chumvi ya bromaidi, iliyotajwa na daktari Charles Locock huko London mwaka 1857. Ilipunguza maanguko, lakini iliwapumbaza wagonjwa na kuwatoa vipele. Kisha, mwaka 1912, kijana mmoja daktari, Alfred Hauptmann, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Freiburg, Ujerumani. Husimuliwa kwamba chumba chake kilikuwa juu ya wodi ya wenye kifafa, na kelele za maanguko ya usiku zilimnyima usingizi. Akawapa wagonjwa dawa mpya ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Luminal, ili walale naye alale. Walilala, lakini jambo lililomshangaza ni kwamba hata mchana maanguko yalipungua. Hivyo ndivyo fenobabitoni, maana ndilo jina la dawa yenyewe, ilivyogeuka kuwa dawa ya kifafa. Hauptmann alikuwa Myahudi. Utawala wa Hitler ulimfukuza kazini, ukamtia kambini, na hatimaye akakimbilia Marekani, alikofariki mwaka 1948. Dawa yake ilibaki, na dawa nyingine zikaifuata: fenitoini mwaka 1938, kisha kabamazepini na nyinginezo.

Basi miaka karibu hamsini ilipita tangu ugunduzi wa Freiburg, na katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki hali ilikuwa ile ile. Hapo napenda kuwapeleka wasomaji Mahenge, kusini mwa bonde la Kilombero katika Tanganyika, mahali ambapo wasomaji wa historia wanapajua kwa vita vya Maji Maji, ngome ya Wajerumani iliposhambuliwa mwaka 1905. Karibu na mwaka 1960 alifika huko daktari mwanamke wa Norway, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Jilek-Aall. Alikuta wenye kifafa wengi kuliko alivyotazamia, nao wakiishi pembezoni: wanakula peke yao, wanalala peke yao, na wakianguka motoni watu huogopa kuwagusa kwa hofu ya mate yao. Aliona pia watoto wenye kutikisa kichwa kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye ugonjwa kama huo ulitangazwa sana Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini.

Alianzisha kliniki ya kifafa, akawapa wagonjwa fenobabitoni ya kumeza kila siku. Kugawa vidonge ni jambo jepesi. Lililo gumu ni kumfanya mtu aliyetoka mbali kwa miguu, anayejiona amepona, arudi tena kuchukua vingine. Alipoondoka, wauguzi wa mahali pale waliiendeleza kazi, na wagonjwa waliodumu na dawa walianza kuonekana tena mashambani na katika mikutano ya watu. Nadhani jambo hilo la mwisho liliwasadikisha majirani kuliko hotuba yoyote.

Karibu na kwetu zaidi, ng'ambo ya milima ya Nyandarua, jaribio kubwa lilifanywa wilayani Nakuru, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1991. Wagonjwa 302 walipewa ama fenobabitoni ama kabamazepini, wakatunzwa karibu na makwao kwa mwaka mzima. Wagonjwa 249 waliufikia mwisho wa mwaka. Kati ya hao, asilimia 53 hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya pili, na asilimia 26 maanguko yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Dawa mbili hizo hazikutofautiana sana kwa nguvu, ingawa fenobabitoni ni ya bei nafuu mno. Kidonge chake cha miligramu 30 ni kidogo kuliko punje ya hindi.

Hata hivyo, huko Kilifi, pwani, watafiti waliopima damu ya watu wenye kifafa walitangaza mwaka 2012 kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa na dawa mwilini. Wengine hawakupata kupewa kamwe. Wengine walipewa wakaacha: nauli ilikosekana, zahanati iliishiwa, au mwili ulitulia wakadhani kazi imekwisha. Tena serikali hazina budi kuichunga dawa hii kwa sheria, kwa kuwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 uliiweka katika orodha ya dawa za kulevya akili. Ulinzi huo una maana yake, lakini mara nyingine humpa mgonjwa wa kijijini safari ndefu zaidi.

Hapa yafaa tueleze jinsi dawa inavyokaa mwilini. Fenobabitoni hutoka pole pole mno. Huchukua siku tatu au nne hivi kupungua nusu. Kwa hiyo hunywewa mara moja kwa siku, aghalabu jioni, kwa sababu huleta usingizi. Na huhitaji wiki mbili au tatu kabla ya kutulia katika damu. Daktari huanza na kipimo kidogo, kisha hukiongeza akiangalia. Mgonjwa asiongeze mwenyewe. Na aliyesahau kidonge cha jana asimeze viwili leo. Vipele vikitoka, arudi hospitali upesi. Pombe ni adui wa dawa hii. Nayo hugombana na dawa nyingine, kama za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi na za kupanga uzazi, hivyo daktari aambiwe zote. Msichana atakayetaka mtoto amwone daktari kabla ya kushika mimba, wala asiache dawa kwa hofu. Na mtu aliye katikati ya kuanguka asitiwe kitu kinywani, si kijiko, si maji, si kidonge. Alazwe ubavu, aondolewe penye moto na maji, na akizidi dakika tano apelekwe hospitali.

Jambo lililo kuu kuliko yote ni kutoacha kwa ghafula. Ubongo uliozoea kushikwa, ukiachiliwa mara moja, huruka kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtu aliyekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka aweza kuambiwa na daktari wake apunguze, kidogo kidogo, kwa miezi.

Hili nililisoma baadaye, kwanza nililiona. Katika shule moja ya bweni niliyofundisha alikuwapo mvulana wa kidato cha pili, mpole, hodari wa hesabu. Vidonge vyake aliviweka katika kikopo cha mafuta ya kujipaka ili wenzake wasivijue. Mimi nilikijua kikopo kile, wala sikumwuliza neno, kwa kudhani namwonea haya. Likizo moja jamaa yake alimwambia kwamba miaka miwili bila kuanguka ni uponyaji kamili, na kwamba kumeza dawa baada ya hapo ni kukosa shukrani. Aliacha siku ile ile. Alirudi shuleni mwenye furaha. Siku ya tisa ya muhula alianguka darasani, akazinduka nusu, akaanguka tena, na tena, bila kupata fahamu katikati. Tulimbeba kwa gari la kuazima. Barabara ilikuwa ya matope, na njiani nilimhesabia pumzi.

Aliishi. Alikaa hospitali siku nyingi, na aliporudi hesabu zilimwia nzito kwa muda, zikamrudia mwishoni mwa mwaka. Mwuguzi alituandikia karatasi ya mistari thelathini, mstari mmoja kwa kila jioni, nasi tukaibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Kila kengele ya maandalio ilipolia alikuja na kikombe cha maji, akameza mbele yangu, akatia alama. Juma la pili wakaja wenzake wawili kumsindikiza, na mmoja wao ndiye aliyemkumbusha siku aliyosahau.