Safu ya Lugha: Deki "inayosoma zote"
Muuzaji wa mjini Kamembe akikusifia deki ya bei nafuu kwamba "inasoma zote", muulize zote zipi. Neno deki tumelitoa kwa Waingereza, ambao kwao ni mashine isiyo na amplifaya yake; kwetu lilikuja na kanda, likahamia kwenye sidii na dividii, na maana hiyo imekwisha kukomaa.

Kinachopotosha ni kitenzi kusoma. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde. Mwaka 1999 Sony na Philips walileta sahani ya SACD (Super Audio CD), yenye sauti ya kina zaidi. SACD nyingi zina matabaka mawili, moja likiwa la sidii ya kawaida. Deki ya kawaida hulifikia hilo tu: muziki unasikika, na mnunuzi anaamini amepata ubora alioulipia. Mtu atasema lugha ni ya watu, na "zote" kwao ni MP3, VCD na DVD. Hoja hiyo ilitosha zamani, lakini sasa zipo deki za nyumbani, kama UBP-X800 ya Sony, zinazosoma kweli SACD, DVD-Audio na Blu-ray. Deki zote zikisifiwa kwa maneno yaleyale, mnunuzi atazitofautishaje? Tuseme "inacheza" muziki ukisikika, na "inasoma SACD" pale tu mashine inapolifikia tabaka la SACD lenyewe. Muuzaji, taja kila aina kwa jina lake.