Matairi makubwa ya gari la porini: Piga hesabu ya difu kabla ya kununua

WENYE magari ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne wana mazoea ya kuanza na matairi. Gari likishanunuliwa, jambo la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kung'oa yale liliyotoka nayo kiwandani na kuvisha makubwa zaidi, yenye meno mapana. Gari huinuka, huonekana la kuogofya, na mwenyewe hupata imani kwamba sasa hakuna tope wala jabali litakalomzuia.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli. Tairi ni gia ya mwisho ya gari. Anayebadilisha ukubwa wa tairi amebadilisha uwiano wa gia zote kwa mpigo mmoja, hata kama hakugusa spana ndani ya giaboksi. Ndiposa swali la matairi makubwa haliwezi kutenganishwa na swali la pili ambalo wauzaji wengi hawaliulizi: je, difu nazo zibadilishwe?

Jinsi ya kusoma ukubwa

Maandishi ubavuni mwa tairi ndiyo yanayotoa jibu la kwanza. Chukua mfano wa tairi la 265/70R16, ambalo ni la kawaida katika magari mengi ya aina hii. Nambari 265 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Asilimia 70 ya 265 ni milimita 185.5. Kwa kuwa ubavu uko juu na chini ya rimu, kiasi hicho huzidishwa mara mbili, kisha huongezwa milimita 406.4 ambazo ndizo inchi 16. Jumla ni takriban milimita 777, ambacho ndicho kipenyo cha tairi zima.

Mwenye gari akivisha tairi la 285/75R16, hesabu hiyo hiyo itampa milimita 834. Tofauti ni milimita 57, au asilimia 7.3. Akipanda hadi 315/75R16, ambalo mafundi huliita la inchi 35, kipenyo kitafika milimita 879, yaani asilimia 13 zaidi ya lile la awali.

Faida yake inapimika. Ekseli hukaa katikati ya gurudumu, kwa hivyo huinuka kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Tairi la 285/75R16 litaiinua difu kutoka ardhini kwa takriban milimita 28, na la inchi 35 kwa takriban milimita 51. Hakuna springi wala kipande cha chuma kinachoweza kuinua difu katika gari lenye ekseli nzima. Springi huinua bodi peke yake. Hii ndiyo sababu ya haki ya kutaka tairi kubwa. Sababu nyingine zote ni za urembo.

Gharama isiyoonekana dukani

Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko mmoja. Kwa gari lenye difu ya uwiano wa 4.10, kuvisha 285/75R16 ni sawa na kuiondoa difu hiyo na kuweka ya 3.82. Injini itavuta kama aliyepunguziwa chakula lakini akabaki na kazi ile ile.

Dalili huanza kidogo kidogo. Gari huchelewa kuondoka na dereva hulazimika kuikalia klachi zaidi, hasa mlimani. Gia ya tano, ambayo iliundwa kupumzisha injini barabarani, hugeuka pambo kwa kuwa kila mwinuko humrudisha dereva katika gia ya nne. Katika magari ya gia za kujibadilisha zenyewe, giaboksi huyumba kati ya gia mbili na mafuta yake hupata joto kupita kiasi.

Wapo wanaojiliwaza kwamba injini ikizunguka polepole itatumia dizeli kidogo. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Tairi kubwa ni zito, lina upana wa kukinza upepo na meno ya kukwaruza lami, na dereva hukanyaga zaidi ili kufidia nguvu iliyopotea.

Kwa Wakenya kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa nadra: mwinuko wa nchi. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyokuwa na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2 na isiyo na tabo, ikifika Timboroa imekwisha kupoteza zaidi ya robo ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Iongezewe tairi lililozidi kwa asilimia 7.3, na msukumo unaofika ardhini utakuwa umepungua kwa takriban thuluthi moja, hata kabla mizigo haijapakiwa juu ya paa.

Usalama hauna mjadala

Hasara ya nguvu huchosha, lakini ya breki huua. Breki za gari zilipimwa na kiwanda kwa tairi la kipenyo fulani. Likizidi kwa asilimia 7, breki zinahitaji kushika kwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho ili gari lipungue mwendo kama awali, mbali na uzito wa tairi lenyewe. Aidha, injini hushikilia gari kwa uhafifu zaidi katika mteremko. Anayeshuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu akiwa na familia na mizigo hana budi kulifikiria jambo hili kabla ya kulipa dukani.

Kipima mwendo nacho husema uongo. Kinaposoma kilomita 80 kwa saa, gari lenye tairi la 285/75R16 linakwenda karibu kilomita 86. Kwa tairi la inchi 35, linakwenda zaidi ya 90. Mjini, ambako kikomo ni kilomita 50, dereva anayedhani ametii sheria huwa ameivunja.

Wenye magari ya kubeba watalii wana sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Kidhibiti mwendo kinachopokea taarifa zake kutoka giaboksi huhadaika sawasawa na kipima mwendo, na gari lililofungiwa lisizidi kilomita 80 litapita kiwango hicho bila dereva kujua.

Kihesabu cha kilomita pia hupunguza. Gari lililosoma 5,000 tangu mafuta ya injini yalipobadilishwa limekwenda kilomita 5,360 hivi. Isitoshe, bodi iliyoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, na tairi pana hukwaruza matao ya bodi usukani unapokatwa hadi mwisho. Kampuni ya bima nayo yafaa iarifiwe mapema kuhusu mabadiliko yoyote, kuliko kuja kuyagundua baada ya ajali.

Lini difu zibadilishwe?

Ongezeko lisilozidi asilimia 3 hadi 4 ni la kuvumilika, na difu zaweza kuachwa zilivyo. Kati ya asilimia 5 na 10, uamuzi hutegemea injini, mizigo na mahali gari linakofanya kazi. Injini yenye tabo, inayotumika sana uwandani na isiyobeba mengi, yaweza kustahimili. Injini isiyo na tabo, yenye kupanda nyanda za juu na mizigo, itadai difu mpya. Ongezeko likipita asilimia 10, hakuna tena la kujadili. Ama difu zibadilishwe, ama tairi lirudishwe dukani.

Kinachobadilishwa ni jozi ya meno ndani ya difu ambayo mafundi huiita kraunwili na pinioni. Uwiano wa 4.10 maana yake ni kwamba kraunwili ina meno 41 na pinioni ina 10. Katika ule wa 4.30 ni 43 kwa 10, katika wa 4.56 ni 41 kwa 9, na katika wa 4.88 ni 39 kwa 8. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo gari linavyovuta kwa nguvu zaidi na injini inavyozunguka kwa kasi zaidi.

Ili kupata uwiano unaofaa, kipenyo kipya hugawanywa kwa cha zamani, kisha jibu huzidishwa kwa uwiano uliopo. Kwa mfano wetu, 834 kwa 777 ni 1.073, na mara 4.10 ni 4.40. Mwenye gari atachagua kati ya 4.30, itakayomwacha pungufu kwa asilimia 2 tu, na 4.56, itakayompa nyongeza ya karibu asilimia 4. Anayeishi nyanda za juu au anayevuta trela afadhali achukue ya pili. Kwa tairi la inchi 35 jibu ni karibu 4.64, na uchaguzi ni kati ya 4.56 na 4.88.

Iwapo kipima mwendo huchukua taarifa yake kwenye giaboksi au kisanduku cha kugawia nguvu, difu mpya hukirekebisha pia. Kwa tairi la 285/75R16 na difu ya 4.30, kinaposoma 80 gari litakuwa linakwenda karibu kilomita 82.

Kwa Suzuki ndogo kama Jimny kuna njia nyingine. Wenye magari hayo wengi huacha difu zilivyo na kubadilisha gia za kisanduku cha kugawia nguvu, hivyo ekseli zote mbili hurekebishwa kwa kazi moja.

Mtego wa difu moja

Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha difu ya nyuma na kuacha ya mbele ili kupunguza gharama. Katika gari ambalo magurudumu ya mbele huunganishwa pale tu yanapohitajika, dereva hatagundua lolote akiwa barabarani. Atagundua siku atakapozama matopeni, awashe magurudumu yote manne, na ekseli mbili zianze kuvutana kama fahali wawili. Kinachovunjika siku hiyo chaweza kuwa shafti, difu, au kisanduku chenyewe. Katika Land Rover aina ya Defender, ambayo magurudumu yake yote huvuta wakati wote, madhara huanza mara moja.

Kwa sababu hiyo, anayenunua gari lililowahi kukarabatiwa hana budi kuhakikisha kwamba difu zote mbili zinalingana. Njia ya kujua haihitaji kuzifungua. Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya ekseli moja huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na mengine huzuiwa kwa mawe. Magurudumu ya mbele yawe hayajaunganishwa na injini, gia itolewe, na breki ya mkono iachiliwe, maana katika Defender breki hiyo hushika shafti. Watu wawili huzungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja mara 10 huku mwingine akihesabu mizunguko ya shafti. Ikizunguka mara 41, difu ni ya 4.10, ikizunguka mara 43, ni ya 4.30. Kisha ekseli ya pili hupimwa vivyo hivyo.

Kazi ya kufunga kraunwili si ya kila fundi. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa sehemu za milimita, beringi hukazwa kwa kiasi maalumu, na meno hupakwa rangi ili ionekane yanagusana wapi. Fundi asiye na kipimo cha saa wala rangi hiyo asikabidhiwe kazi. Difu iliyofungwa vibaya hulia, kisha hujitafuna. Hata iliyofungwa vyema huhitaji upole: katika kilomita 800 za kwanza gari lisivute mzigo wala lisikimbizwe, kisha mafuta ya difu yabadilishwe.

Nani anahitaji?

Wengi huvutiwa na magari ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 kuchangisha fedha za ua wa Aberdare. Katika mashindano hayo mshindi ni yule anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hivyo madereva hukata moja kwa moja mabondeni na majabalini. Hata hivyo, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chini ya matairi yale mara nyingi mna difu, ekseli, breki na springi zilizobadilishwa pamoja.

Mkulima wa Kinangop anayepambana na utelezi, au dereva anayepita mchangani kuelekea Chalbi, mara nyingi hahitaji hayo yote. Tairi la ukubwa ule ule wa kiwandani lenye meno bora, likipunguzwa upepo kwenye mchanga na kujazwa tena kabla ya kurudi kwenye lami, litamfikisha kwa gharama ndogo.

Anayehitaji kimo kwa dhati aanze na kalamu na karatasi. Ajumlishe bei ya matairi matano, likiwemo la akiba, difu mbili, beringi, malipo ya fundi na marekebisho ya breki. Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya tairi kubwa. Iwapo haimudu yote, heri asinunue lolote, kwani gari lililobadilishwa nusu ni hatari kuliko lile lililoachwa lilivyo.