Sweta ya Guka na Baridi ya Limuru

Wasee, Limuru mwezi wa saba si mchezo. Mwaka jana, baada ya kuacha chuo, nilipanda huko na baiskeli nikiwa na hudi ya pamba na jaketi ya plastiki juu. Kupanda, jasho tupu. Kushuka, lile jasho likawa barafu. Vidole vilikataa kushika breki na lori liko nyuma yangu. Niliingia kibanda cha chai, nikakaa nimekumbatia kikombe. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, kwenu hakuna sweta?"

Kumbe hilo tatizo ni la kitambo. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alisajili kitambaa chenye mpira katikati ya tabaka mbili. Mvua haikuingia, lakini jasho pia halikutoka. Ukikaa tu, sawa. Ukikanyaga pedali, unajipika.

Ndiyo maana waendeshaji wa Uingereza walishikilia sufu. Cyclists' Touring Club, iliyoanza 1878, ilikuwa na sare ya sufu. Nilicheka zile picha, manze, suti kwa baiskeli! Lakini uzi wa sufu hufyonza unyevu mwingi kabla hujahisi umelowa, na hata ukilowa bado unashika joto. Pamba ikilowa inaganda kwa ngozi na kukuibia joto. Mvua ikizidi, walivaa joho lisilo na mikono, wazi chini, hewa ipite.

Thomas Stevens alitoka San Francisco Aprili 1884 na ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, akamaliza safari Yokohama Desemba 1886. Alibeba soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema. Mimi nilibeba pawabenki mbili kwenda Limuru.

Mwaka 1969, huko Marekani, Bob Gore alivuta kwa ghafla plastiki ya PTFE iliyopashwa moto. Ikajaa vitundu vidogo mno: tone halipiti, mvuke unapita. Jaketi za Gore-Tex zikafika sokoni miaka ya sabini. Jaketi mpya ya aina hiyo ni kodi yangu ya nyumba, na bado ukivaa pamba ndani umejichoma.

Basi nikaenda Gikomba. Sweta ya sufu, kijani, ya kiguka kabisa, mia mbili hamsini. Agosti nikarudi Limuru, ikanyesha vibaya. Nililowa, lakini vidole vilishika breki mpaka Ruaka.