Hatari ya Nyiragongo Ipimwe Kutokea Wapi?

Desemba 1893 msafara mkubwa uliondoka Pangani kuelekea bara, mamia ya wapagazi wakiwa na mizigo vichwani na mabegani. Kiongozi wake alikuwa Gustav Adolf von Götzen, ofisa kijana wa Kijerumani aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1901 na 1906, na ambaye chini ya utawala wake vita ya Maji Maji ilizimwa kwa damu na njaa. Mwaka 1894 msafara huo uliingia Rwanda, ukafika kwa mfalme, Mwami Kigeli Rwabugiri, na mwezi Juni Götzen akapanda Nyiragongo, mlima wa moto ulio kaskazini mwa Ziwa Kivu, upande ambao leo ni mashariki ya Kongo. Alichungulia kreta, akashuka, akaendelea na safari yake hadi mwambao wa Atlantiki. Ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuupanda mlima huo, na tangu hapo sifa ya Nyiragongo kama mahali pa kutisha imeandikwa na watu wa aina yake: waliofika juu, wakatazama chini, kisha wakaondoka. Sifa hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba hatari imepimwa kutokea mahali pasipo penyewe, na kosa hilo la vipimo limewagharimu watu wasiowahi kufikiria kupanda mlima huo.

Wenyeji walikuwa na hesabu yao kabla ya mgeni yeyote kufika. Katika ibada ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na nchi jirani, milima hii ilikuwa makao ya wafu: walioingizwa katika ibada walitarajia kupumzika kwenye mlima usio na moto, na wasioingizwa walihofiwa kuishia Nyiragongo. Kwao huo haukuwa mlima wa kutembelewa. Utawala wa Kibelgiji uliuona kwa jicho lingine. Mwaka 1925 ulitangaza Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo sasa ni Virunga, na mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alikuta ndani ya kreta jambo ambalo dunia ina mifano yake michache mno: ziwa la lava lisilozimika, linalochemka mchana na usiku. Miaka kumi hivi baadaye yeye na wenzake walishuka kwa kamba ndani ya kreta hiyo. Ziwa lile ndilo lililoujenga umaarufu wa mlima. Picha zilipigwa kutoka ukingoni, filamu zikatengenezwa kutoka ukingoni, na msomaji wa mbali akaamini kwamba pale ukingoni, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, ndipo mtu anapochezea uhai wake.

Matukio yamesema vingine. Nyiragongo haina mazoea ya kufurika kama chungu kilichojaa, hupasuka ubavuni. Tarehe 10 Januari 1977 miteremko ya mlima ilifunguka nyufa, na ziwa lote la lava, lililokuwa limepanda miaka mingi, likatoka kwa kupitia nyufa hizo katika muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ina silika kidogo sana, kwa hiyo hainatinati wala kujikokota kama ilivyo kwa volkano nyingi. Kwenye mteremko mkali ilikadiriwa kwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa au zaidi. Mtu aliyekuwa shambani kwake hakuwa na pa kukimbilia. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kutoka makumi hadi mamia. Tarehe 17 Januari 2002 ufa ulishuka kutoka ubavuni hadi Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma ulio chini ya mlima, na lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege uwanjani, ikamwagika Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Zaidi ya mia walikufa, na wengi kati yao hawakuguswa na lava yenyewe: walikuwa kwenye kituo cha mafuta wakichota petroli siku chache baadaye, kikalipuka. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena; lava ikateketeza nyumba upande wa Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Baada yake wako waliojaribu kukatiza juu ya lava ambayo ilikuwa bado ya moto, wakaanguka kwa gesi njiani.

Na bado hayo ni ya siku za mlipuko tu. Mlima hufanya kazi hata ukiwa kimya. Kati ya Goma na mji wa Sake, kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava ya zamani, hutokeza gesi ya kaboni dioksidi ambayo watu wa huko huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, nayo hutuama chini. Mbuzi akishuka malishoni alfajiri hufa. Mtu mzima anaweza kusimama mahali pale pale asidhurike, kwa sababu kichwa chake kiko juu ya gesi, huku mtoto anayecheza miguuni pake akizimika. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba hatari ya mahali haipimwi kwa urefu wa mlima. Kisha kuna mwaka 1994. Wakimbizi karibu milioni moja walipovuka kutoka Rwanda mwezi Julai, walifikia kwenye ardhi ya lava iliyoganda, ngumu kama jiwe kwa kuwa ni jiwe. Vyoo havikuchimbika, makaburi hayakuchimbika, na maji safi yalikuwa haba. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufika 50,000 katika wiki chache. Hakuna orodha ya maafa ya Nyiragongo inayowataja, na sidai kwamba mlima ndio uliowaua. Vita na umaskini ndivyo vilivyowafikisha pale. Lakini ardhi iliyowakatalia choo na kaburi ilitoka tumboni mwa milima hiyo.

Kuna watakaosema kwamba namwonea mgeni, maana naye huhatarisha maisha. Ni kweli kwa kiasi. Njia inaanzia Kibati, inapanda kama mita 1,500 juu ya mawe makali, mwendo wa saa tano hivi, na usiku wa ukingoni una baridi kali na moshi wa kukereketa koo. Mwaka 2007 mtalii mmoja alianguka ndani ya kreta akafa. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa karibu na Goma, hifadhi ikafunga milango hadi mwaka uliofuata. Lakini tukio hilo hilo liangaliwe vizuri: watalii waliachiwa, na askari wa kike wa hifadhi aliyekuwa akiwalinda aliuawa. Zaidi ya askari 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Mgeni alinunua kibali, mwaka ule kikiwa dola 300, na ndani ya bei hiyo mlikuwa na bunduki ya mtu mwingine, mgongo wa mpagazi, na uhuru wa kuondoka keshokutwa. Hatari yake ilikuwa na tarehe ya kwisha. Hiyo haimfanyi kuwa mtu mbaya, na fedha yake si ya kubezwa: ilisaidia kulipa mishahara ya askari wale wale katika eneo ambalo ajira nyingine mara nyingi ni kuchoma mkaa au kubeba silaha. Ninachokataa ni kuuita ukingo wa kreta kitovu cha hatari ilhali kumbukumbu zinaonyesha karibu watu wote wakifa chini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la elimu. Bila wadadisi waliopanda, nani angejua kwamba ziwa la lava likipanda mno, mbavu za mlima huelemewa? Nakubali kabisa. Vipimo vya kreta vilivyoanza siku za Tazieff vina thamani, na kituo cha uchunguzi wa volkano kilichoanzishwa Goma mwaka 1986 kimejengwa juu ya urithi huo. Ila tazama kilichotokea. Ufadhili mkuu wa kituo ulikatika mwaka 2020 kukiwa na tuhuma za ubadhirifu, na kwa miezi kadhaa wataalamu hawakuwa hata na intaneti ya kupokea taarifa za mitambo iliyokuwa mlimani. Huduma ilirudi muda mfupi tu kabla ya Mei 2021. Mlipuko ulikuja bila onyo kwa wananchi. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, watu wapatao 400,000 wakajaa barabara ya Sake, wengine wakaenda Rutshuru na Rwanda. Fedha za kupeleka kamera ukingoni hazijawahi kukosekana kwa muda mrefu. Za kulipia intaneti ya kituo zilikosekana. Hapo ndipo kosa la kipimo linapoua, kwa kuwa watu hulinda mahali wanapopaona.

Linabaki swali ambalo wageni wengi huuliza: mbona watu wenyewe hawahami? Linaulizwa kana kwamba Goma ilijengwa na wazembe. Mji umekua kutoka mji mdogo wa mpakani hadi kuvuka watu milioni moja kwa sababu una bandari, una soko la Rwanda mlangoni, na kwa miongo mitatu vijiji vya Masisi na Rutshuru vimekuwa vikitoa watu wanaowakimbia wenye bunduki. Mwaka 2002 mashirika ya misaada yalikuwa yakipanga kambi upande wa Rwanda. Watu wengi wakarudi Goma baada ya siku chache tu, lava ikiwa bado inafuka, maana maisha ya kambi waliyajua na duka au shamba lililoachwa halijilindi. Kuanzia mwishoni mwa 2022, waliowakimbia waasi wa M23 walipiga maturubai Kanyaruchinya, chini ya mlima, katika eneo ambalo lava ya mwaka uliotangulia ilikuwa imepita jirani. Watu hao hawakuhitaji kuelezwa Nyiragongo ni nini. Waliuweka mlima upande mmoja na bunduki upande wa pili, wakapiga hesabu, na wakakaa upande wa mlima.