Gado na sura za wakubwa

Godfrey Mwampembwa, anayetia sahihi Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na akaanza kuchorea magazeti ya Tanzania vibonzo akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1992 aliacha masomo ya usanifu majengo, akahamia Nairobi kufanya kazi Daily Nation.

Alifika wakati mzuri. Jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno, lilikuwa limewazoesha Wakenya kucheka maisha ya mjini, lakini kumchora rais kwa kejeli lilikuwa jambo jingine. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991, na ndipo Rais Daniel arap Moi akaanza kuonekana vibonzoni na rungu lake.

Rungu lilitosha. Mchoraji wa namna hii huteua alama moja na kuikuza hadi msomaji amjue mhusika bila kuandikiwa jina. Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliposhtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Gado aliwafunga mguuni mnyororo wenye tufe la chuma, nao wakauburura hata baada ya kuapishwa kuwa rais na naibu wake mwaka 2013. Kehancha, mji wa Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania, kama kwingineko nchini, picha rasmi ya rais hutundikwa ukutani ofisini na madukani. Gazeti lililolala kwenye kaunta chini yake lilimwonyesha rais yuleyule akikokota chuma.

Tuzo ya Prince Claus ilimjia mwaka 2007, na mwaka 2009 sura hizo zikageuzwa vikaragosi vya runinga katika The XYZ Show.

Januari 2015, gazeti la The EastAfrican lilitoa kibonzo cha Gado kikimwonyesha Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akistareheshwa na wanawake waliobeba majina ya maovu, ufisadi ukiwemo. Mwezi huohuo Tanzania ililipiga gazeti hilo marufuku. Serikali ilisema halikusajiliwa nchini; wengi waliona kibonzo ndicho kilichoudhi. Kwa Wakuria, ambao mpaka wa Kenya na Tanzania umewagawa, matokeo yalikuwa ya ajabu kidogo: gazeti lilikuwa halali Isebania, upande wa Kenya karibu na Kehancha, na haramu Sirari, ng'ambo tu ya kizuizi.

Mkataba wa Gado na Nation haukufanywa upya mwaka 2016. Baadaye michoro yake ilianza kutoka katika The Standard.