Filbert Bayi na Mbio za Kuruka Viunzi na Maji

Mbio za kuruka viunzi na maji zilianza na wapanda farasi wa Ireland na Uingereza, walioshindana kutoka mnara wa kanisa moja hadi jingine wakiruka kuta, nyua na mitaro iliyowakatiza njiani. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walianza kushindana kwa namna hiyo kwa miguu yao wenyewe. Leo, katika mita 3,000, mwanariadha huruka viunzi 28 na shimo la maji mara 7. Kwa wanaume kiunzi kina kimo cha sentimita 91.4, nacho hakiangushwi: anayekigonga huanguka yeye. Penye maji wengi hukanyaga juu ya kiunzi kwa mguu mmoja, kisha hujisukuma mbele ili watue mahali penye kina kifupi.

Mtanzania aliyeng'ara zaidi katika mbio hizi ni Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953 na kuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Jina lake lilivuma kwanza katika mbio zisizo na viunzi. Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza karibu mbio nzima za mita 1,500, akamshinda John Walker wa New Zealand na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Mei 1975, mjini Kingston, alivunja pia rekodi ya maili moja kwa 3:51.0. Mwaka 1976 Tanzania iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu.

Nafasi ya Olimpiki ilirudi Moscow mwaka 1980, safari hii penye viunzi na maji. Bayi alichomoka mapema kama ilivyokuwa desturi yake, akawaacha wenzake mbali. Mzunguko wa mwisho nguvu zilimpungukia, na Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi alimaliza kwa 8:12.5 na kupata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alitwaa fedha ya mita 5,000.

Baada ya kuacha kukimbia, Bayi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Yeye na mkewe walianzisha pia shule zenye jina lake, Kimara na Kibaha. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, medali yake na ya Nyambui ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki.