Maendeleo ya Lugha ya Maagizo katika Ulimwengu wa Second Life

Wanaisimu wamezoea kuiona lugha kuwa kitu kibadilikacho pasipo idhini ya mtu yeyote. Maneno huchakaa, sauti hupotea, na kamati za usanifishaji, kama ile iliyoanza kushughulikia Kiswahili cha Afrika ya Mashariki mwaka 1930, hufika kazi ikiwa imekwisha kufanywa nusu na wasemaji wenyewe. Zipo hata hivyo lugha za kubuni, zile zitumiwazo kuiagiza tarakilishi, ambazo zina mwenyewe anayejulikana kwa jina, naye huzibadili siku atakayo. Mojawapo ni lugha ya maagizo ya Linden, kwa ufupi LSL, inayotumika katika ulimwengu wa kubuni uitwao Second Life. Jambo linalostahili kuangaliwa katika historia yake ni kwamba mwenyewe huyo, mwenye uwezo wote juu ya mitambo, alijikuta akiacha mahali pake hata makosa aliyokwisha kuyakiri.

Second Life ilifunguliwa kwa umma tarehe 23 Juni 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco iliyoasisiwa na Philip Rosedale mwaka 1999. Kuiita mchezo ni kukosea, kwa maana hamna mshindi wala mwisho. Mtu huingia kwa njia ya intaneti akiwa katika umbo la avata, yaani mwili wa picha anaouongoza kutoka mbali, akatembea juu ya ardhi iliyogawanywa katika maeneo ya mraba yenye mita 256 kila upande. Nyumba, nguo, magari na wanyama wa huko, karibu vyote, vimetengenezwa na wakazi wenyewe. Kitu kilichotengenezwa hukaa kimya kama gogo mpaka mtu akiandikie skripti, yaani matini ya maagizo inayotiwa ndani ya kitu hicho. Mlango hufunguka kwa kuwa umeandikiwa kufunguka.

Lugha ya skripti hizo ilibuniwa na Cory Ondrejka, mmoja wa viongozi wa ufundi wa kampuni. Muundo wake si mgumu. Kitu huwa katika hali fulani, na katika hali hiyo hungojea matukio: kuguswa, kugongwa, kusikia neno, kupokea fedha. Kila tukio lina fungu lake la maagizo. Lakini lugha ilizaliwa na ufukara. Kila skripti ilipewa kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Orodha haikuweza kuwekwa ndani ya orodha nyingine. Na baadhi ya amri zilitiwa usingizi wa lazima ili mitambo isielemewe. Skripti iliyotuma barua pepe, kwa mfano, ililazwa sekunde 20 kila mara. Wakazi hawakukaa bure. Walitia skripti kadhaa ndani ya kitu kimoja, moja ikilala nyingine ikatuma, kama vibarua wapokezanao zamu. Hivyo upungufu wa lugha ukajengewa nyumba juu yake, na aliyetaka kuuondoa alipaswa kwanza kuitazama nyumba.

Ipo sifa nyingine iliyo ngeni zaidi. LSL huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, lakini katika kukokotoa, tarakilishi huanza na sehemu iliyo kulia. Msomaji aliyewahi kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu hatashtushwa na mwendo huo wa kulia, ila hapa maandishi huenda upande mmoja na hesabu upande wa pili. Waandishi stadi waliigeuza sifa hii kuwa siri ya kazi. Waliitaja orodha mara mbili katika sentensi moja, ya kulia isomwe ikiwa imejaa, kisha ya kushoto iimwage papo hapo, na kwa njia hiyo wakaokoa sehemu ya zile kilobaiti 16.

Kilichoufunga mkono wa Linden Lab, hata hivyo, hakikuwa jambo la ufundi. Katika mwaka 2003 wakazi walikuwa wakitozwa kodi kwa kadiri ya vitu walivyojenga. Baadhi yao waliasi, wakatapanya makasha ya chai kila mahali kwa kukumbusha kisa cha bandari ya Boston cha mwaka 1773. Utozaji ulibadilishwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo, katika mkutano uliofanyika New York, kampuni ilitangaza kwamba mkazi atabaki na haki zake za uvumbuzi juu ya alichokibuni ndani ya ulimwengu huo. Mwanasheria Lawrence Lessig alikuwa miongoni mwa waliotoa ushauri. Kila kitu kilikuwa pia na vibali vitatu: cha kunakili, cha kurekebisha na cha kuhamisha. Muuzaji wa skripti kwa kawaida alikizuia kile cha kurekebisha, hata mnunuzi akawa na mlango ufungukao lakini hawezi kuyasoma maneno yanayoufungua.

Matokeo yake kwa lugha yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana siku ile. Skripti zilizouzwa zilisambaa. Waandishi wake wengine waliondoka wasirudi, wengine walifariki. Kazi zao ziliendelea kutenda bila mtu wa kuzirekebisha: mnunuzi hana kibali, na kampuni imekwisha kukiri kwamba mali si yake. Muswada wa kale uliomo ndani ya sanduku huko Lamu humngojea msomaji, na sarufi ikigeuka, muswada hauumii. Skripti hujisoma yenyewe kila iguswapo, na neno moja likigeuzwa maana, huharibika mbele ya aliyeinunua. Kwa hiyo LSL ikakua kwa kuongezewa zaidi kuliko kwa kurekebishwa.

Mfano ulio dhahiri ni wa amri iitwayo llXorBase64Strings, ambayo kazi yake ni kuchanganya mifuatano miwili ya herufi, hesabu itumikayo katika kuficha ujumbe. Amri hiyo ilikosea hesabu. Haikusahihishwa, kwa kuwa kulikuwa na skripti zilizokwisha kuzoea jibu lile lenye kosa. Iliundwa amri ya pili, llXorBase64StringsCorrect, ambayo jina lake lenyewe ladai usahihi. Nayo ikaonekana kuwa na dosari katika hali fulani. Ndipo ikaja ya tatu, llXorBase64, na zile mbili zikaachwa katika kamusi ya lugha zikiwa na onyo kwamba zisitumiwe. Vivyo hivyo, usingizi uliowekwa katika amri ya kubadili umbo la vitu haukuondolewa. Iliongezwa amri nyingine isiyolala, na ile ya kwanza ikaendelea kulala kama zamani. Mahali palipokuwa na hatari ya usalama tu ndipo kampuni ilipothubutu kufuta. Amri ya llRemoteLoadScript, iliyotia skripti ndani ya kitu kingine, ilinyimwa nguvu, ikabaki jina tu linalomwelekeza mwandishi kwenye amri mpya idaiyo namba ya siri.

Mwaka 2006 ulionyesha hatari ya namna nyingine. Mwezi Novemba, vitu vyenye umbo la pete za dhahabu, vilivyoandikiwa kujizalisha, vilienea katika maeneo mengi hata kampuni ikalazimika kuwazuia watu kuingia kwa muda ili ifagie. Kasi ya kitu kuzaa kitu ilidhibitiwa zaidi tangu hapo.

Lakini lililoingia kimya mwaka huo ndilo lililobadili mengi. Amri ya llHTTPRequest iliiwezesha skripti kuuliza habari kutoka seva yoyote iliyo nje ya Second Life na kupokea jibu. Mwaka 2009 njia ikafunguliwa upande wa pili, kitu kikawa na anwani yake ambayo dunia ya nje iliweza kukiita. Biashara nyingi zilihamishia akili ya vitu vyao nje, zikaacha ndani kiwiliwili. Miongoni mwa hizo ilikuwa ya sungura walioitwa Ozimals, waliolishwa, wakazaa, na waliotegemea seva ya mwenye biashara ili kula. Mwezi Mei 2017 seva hiyo ilifungwa kufuatia mzozo wa kisheria. Skripti za sungura hazikuguswa hata herufi moja. Ziliendelea kuuliza, na kwa kuwa hapakuwa na wa kujibu, wanyama wakaingia katika usingizi usio na mwamko, isipokuwa wale waliokuwa wamefanywa wa kudumu. Wapo wakazi waliowalilia. Kampuni ilikuwa imejifunza kulinda maana ya kila neno la lugha yake, ila haikuwa na uwezo juu ya anayesemeshwa.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifika Agosti 2008, pale mtambo mpya wa kutendea skripti, uitwao Mono, ulipoanza kutumika. Mono ilikuwa kazi ya wazi iliyoongozwa na Miguel de Icaza. Jina lake ni la Kihispania, nalo maana yake ni kima. Mtambo huo ulikuwa na kasi zaidi, na kila skripti iliweza kutumia kilobaiti 64. Tatizo lilikuwa la safari. Avata akivuka mpaka wa eneo huenda seva nyingine, na skripti alizovaa hazina budi kukatizwa katikati ya sentensi, zifungwe, zipelekwe, kisha ziendelee na neno lililofuata. Mono haikujua jambo hilo. Jim Purbrick, aliyejulikana ndani ya ulimwengu huo kwa jina la Babbage Linden, pamoja na wenzake, walilitatua kwa kupenyeza maagizo ya ziada ndani ya kila skripti ilipokuwa ikitafsiriwa. Hata katika mageuzi hayo, hesabu iliendelea kuanzia kulia, ijapokuwa ile siri ya kumwaga orodha haikuwa tena na faida. Aidha mtambo wa zamani haukuzimwa. Skripti isiyo na kibali cha kurekebisha haikuweza kutafsiriwa upya na aliyeinunua, basi ikaendelea kutendwa na mtambo ule ule iliozaliwa nao, bega kwa bega na mpya.

Mwaka 2024 Linden Lab ilitangaza kuleta lugha ya pili, Luau, na majaribio ya hadhara yakafuata mwaka 2025. Luau ni tawi, lililokuzwa na kampuni ya Roblox, la lugha ya Lua, iliyobuniwa katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro mwaka 1993, na ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi. Ilielezwa kwamba LSL itaendelea kufanya kazi. Wakazi walioanza kufasiri skripti zao kutoka lugha moja hadi nyingine wamekutana na tofauti ambazo hazionekani kwa macho. LSL huhesabu vitu vya orodha kuanzia sifuri, Luau huanzia moja. Penye masharti mawili yaliyounganishwa, LSL huyatenda yote mawili hata kama la mwanzo limekwisha kuamua jambo. Luau huliacha la pili. Skripti iliyotegemea sharti la pili litendwe kwa vyovyote, ikifasiriwa neno kwa neno, hupita pasipo kuonyesha kosa lolote, na mlango haufunguki.